Fika Januari, si Aprili: Mwongozo Kamili kwa Wenye Bunduki Wanaotaka Kusikika Olympia

Katikati ya Aprili 2023 tulijaa kwenye magari matatu tukatoka Kent na Tukwila kwenda Olympia, makao ya serikali ya jimbo la Washington, kupinga mswada HB 1240, ule wa kupiga marufuku uuzaji wa bunduki za mtindo wa kivita. Tulikuwa watu kumi na wanne, na mabango, fulana mpya, na sambusa za kututosha kutwa. Kijana aliyekaa mapokezi kwenye ofisi ya mbunge wetu alitukaribisha vizuri, akaandika majina yetu yote, kisha akatuambia kwa upole: "Wananchi walisikilizwa Januari. Baraza la Wawakilishi liliupitisha Machi, na Seneti imeupitisha wiki iliyopita." Aprili 25 gavana Jay Inslee aliutia saini.

Tukirudi, kwenye foleni ya barabara kuu ya I-5 pale Lakewood, dada mmoja aliyekuwa kiti cha nyuma akauliza, "Kwa hiyo Januari walienda akina nani?" Hakuna aliyemjibu. Tangu siku ile nimejifunza jibu, na nimeliandika hapa kwa ajili ya yeyote mwenye silaha kihalali katika jimbo hili ambaye hataki kufika baada ya karamu kumalizika. Mifano yangu yote ni ya Washington, kwa sababu ndiko ninakoishi na ndiko nilikojaribu haya. Kila jimbo la Marekani lina taratibu zake, na aliye Ohio au Texas atalazimika kuzitafuta za kwake.

Kwanza mjue mnayemsoma. Nilizaliwa Nakuru. Bastola yangu ya kwanza niliinunua 2019, baada ya duka langu kuvunjwa mara mbili katika mwezi mmoja. Kenya, anayetaka silaha huomba leseni, na ni juu yake kuiridhisha serikali kwamba ana sababu ya kutosha. Hapa, katiba ya jimbo, ibara ya 1 kifungu cha 24, inasema haki ya raia binafsi kubeba silaha ili kujilinda haitadhoofishwa. Mimi niliyekua nikijua kwamba ulinzi wa nyumba yangu unategemea muhuri wa afisa, kifungu hicho nakithamini sana, na sitaki kikatwe vipande vipande mimi nikiwa kazini.

Sheria zimefuatana haraka. Kuanzia Julai 1, 2022, magazini zinazobeba zaidi ya risasi 10 haziuzwi tena. Mwaka 2023 ukaja HB 1240, pamoja na HB 1143 ulioweka siku 10 za kazi za kusubiri na cheti cha mafunzo. Mei 2025 gavana Bob Ferguson alitia saini HB 1163: kuanzia Mei 1, 2027, anayetaka kununua bunduki atapaswa kwanza kupata kibali kutoka Washington State Patrol, yaani polisi wa jimbo, atoe alama za vidole, na awe na cheti cha mafunzo yanayojumuisha kufyatua risasi uwanjani. Wako ndugu zetu wanaosema tusihangaike, mahakama itayafuta haya yote. Mei 2025 Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua kwa kura 7 dhidi ya 2 kwamba marufuku ya magazini haivunji katiba. Kesi ziendelee, nami naziunga mkono, lakini asiyekwenda bungeni kwa kutegemea majaji amecheza kamari na haki yake.

Hatua ya kwanza: shika kalenda kabla hujashika simu

Bunge la Washington hukutana kuanzia Jumatatu ya pili ya Januari. Mwaka usiogawanyika kwa mbili hukaa siku 105, mwaka unaogawanyika siku 60. Kikao cha 2027 kitafunguliwa Januari 11. Siku 105 zinasikika kama nyingi, ila mswada hauna muda wote huo. Katika kikao kirefu, mwisho wa kamati za kwanza kupitisha miswada huangukia wiki ya tatu ya Februari hivi. Wiki moja baadaye ni mwisho wa kamati za fedha, na katikati ya Machi ni mwisho wa mswada kutoka katika baraza ulikoanzia. Mwaka 2025 tarehe zilikuwa Februari 21, Februari 28 na Machi 12. Mswada usiovuka mstari wake kwa kawaida umekwama kwa mwaka huo.

Umekwama, haujafa. Bunge hufanya kazi kwa mizunguko ya miaka miwili, na mswada uliokwama mwaka wa kwanza unaweza kufufuliwa wa pili bila kuandikwa upya. Hata baada ya mzunguko kwisha, wazo lenyewe hurudi na namba mpya. Kibali cha kununua bunduki kilikuwa ndani ya HB 1143 ulipowasilishwa 2023, kikaondolewa kabla haujapita. Kikarudi 2024 kwa jina la HB 1902, nao haukufika mezani pa gavana. Kikarudi tena 2025 kama HB 1163, kikapita. Waliokuwa wakikitaka hawakuchoka. Tuwe wakweli: sisi tulisherehekea 2024 tukaenda kulala.

Miswada huanza kuwasilishwa Desemba, wiki kadhaa kabla ya kikao. Kwa hiyo kuanzia Desemba mosi, mtu mmoja katika kundi lenu awe na kazi moja tu: kila jioni afungue tovuti ya bunge, atafute neno "firearm", na aandike namba ya mswada, nani ameuleta, na umepangwa kamati gani. Kwa Baraza la Wawakilishi, miswada ya bunduki kwa kawaida huenda Kamati ya Civil Rights & Judiciary, na kwa Seneti, Law & Justice. Kwetu kazi hii anaifanya dereva wa lori anayelala nje ya nyumbani siku nne kwa wiki. Anasema humpunguzia upweke.

Samaki mkunje angali mbichi. Kwenye kamati wanakaa wabunge wasiofika ishirini, na maneno ya mswada bado yanabadilika. Mswada ukishafika ukumbini kwa kura ya baraza zima, vyama vimeshahesabu kura zao. Katika uchaguzi wa 2024 Wademokrati, ambao wengi wao huunga mkono miswada hii, walipata viti 59 kati ya 98 vya Baraza na 30 kati ya 49 vya Seneti. Hesabu hiyo haibadilishwi na kelele za Aprili.

Hatua ya pili: watafute watu walipo

Wenye bunduki si watu wa kukusanyika. Wengi hawataki jirani ajue wana silaha, na kwa watu wetu wa Afrika Mashariki usiri huo ni mara mbili: mtu anaogopa wanachama wa kanisa watamwonaje, na anaogopa kuonekana anajiingiza katika siasa za wenyewe. Ukitangaza kwenye kundi la WhatsApp la watu mia tatu, "Wenye bunduki tukutane Jumamosi," hutapata mtu. Mimi nilijaribu nikapata wawili, mmoja wao akiwa amekuja kuniuliza kama nauza.

Kinachofanya kazi ni mmoja kwa mmoja. Anza na uwanja wa kulenga shabaha unakokwenda. Nenda kwenye darasa la mafunzo ya usalama wa silaha, kwa sababu hapo utakuta wanawake wanaonunua kwa mara ya kwanza na ambao sheria mpya zinawagusa moja kwa moja. Zungumza na wawindaji, hasa msimu wa paa unapokaribia Oktoba. Halafu wafikirie watu wetu: madereva wa teksi na wa Uber wanaofanya usiku SeaTac, penye uwanja wa ndege, wenye maduka, dada na mama zetu wanaoendesha nyumba za kulea wazee, wauguzi wa zamu ya usiku. Wengi wana bastola kwenye kasha la chuma chumbani, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kuna kamati inayowajadili.

Ukimpata mtu, usimwombe aje Olympia. Mwombe vitu vitatu: jina lake, anwani yake, na ruhusa ya kumtumia ujumbe mswada ukipangiwa siku. Anwani ndiyo dhahabu. Jimbo lina wilaya za uchaguzi 49, kila moja ina seneta mmoja na wawakilishi wawili, na mbunge husikiliza kwanza watu wa wilaya yake. Watu 12 wanaoishi katika wilaya ya mjumbe wa kamati wana uzito kuliko watu 200 wa kwingineko. Tovuti ya bunge ina ukurasa wa kutafuta wilaya kwa kuandika anwani. Panga orodha yako kwa wilaya, sio kwa kabila, kanisa wala urafiki, na orodha hiyo ikae kwa mtu mmoja mwaminifu. Usiiweke kwenye kundi la WhatsApp: orodha ya nyumba zenye bunduki ikianguka mikononi mwa mwizi, umewauza watu wako.

Kuhusu uraia. Kutoa maoni mbele ya kamati hakuhitaji uwe raia, na mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa hata kuchangia kampeni za uchaguzi. Asiye na ukaazi wa kudumu wala uraia asitoe hata dola moja kwa mgombea, maana sheria ya shirikisho inakataza. Pia sheria hiyo ya shirikisho inamkataza aliye nchini bila kibali kumiliki silaha, na wengi walio kwa viza za muda wamo katika katazo hilo isipokuwa kwa sababu chache maalum. Mtu wa namna hiyo akija kwenye kundi lenu akitaka kusimama kwenye maikrofoni aseme ana bunduki, mzuieni kwa upendo na mpelekeni kwa wakili kwanza.

Hatua ya tatu: siku ya kusikilizwa

Tangazo la kusikilizwa huja siku chache tu kabla. Hapo ndipo orodha yako inapofanya kazi. Tuma ujumbe mfupi wenye namba ya mswada, siku, saa, kiungo cha kujisajili, na neno moja: pinga. Kwenye ukurasa wa kujisajili wa kamati mtu anachagua mswada, kisha anachagua njia mojawapo: kuzungumza akiwa mbele ya kamati, kuzungumza kwa video kutoka nyumbani, kutuma maoni ya maandishi, au kuweka tu msimamo wake kwenye kumbukumbu. Msimamo ni Pro (kuunga mkono mswada), Con (kuupinga) au Other (mengineyo). Anayepinga anabonyeza Con. Nimeona wazee wetu wawili wakibonyeza Pro kwa kudhani inamaanisha "naunga mkono bunduki". Lielezeni hili kila mara, hata kama mlishalieleza.

Kujisajili, iwe kwa kuzungumza au kuweka msimamo, hufungwa saa moja kabla ya kikao kuanza. Maandishi yanapokelewa hadi saa 24 baada ya kikao kuanza. Kuweka msimamo huchukua dakika mbili kwenye simu, na kwa miswada ya bunduki hesabu hufika maelfu pande zote mbili. Kwa hiyo namba peke yake haiwatishi wanakamati. Inapunguza tu uwezekano wa mtu kusema kwamba hakuna aliyepinga.

Onyo moja zito: jina lako na maandishi yako huwa kumbukumbu ya umma. Dada anayejificha kutoka kwa mume aliyempiga asijisajili kwa jina bila kufikiria. Mwenzake anaweza kusimulia hali ya namna hiyo bila kumtaja.

Sasa kuzungumza kwenyewe. Utapewa dakika mbili, na mara nyingi wakiwa wengi dakika moja. Januari 2025, HB 1163 ulipokuwa kwa kamati ya Baraza, tuliandaa watu watano wa kuzungumza kwa video tukijua pengine ataitwa mmoja. Muuguzi mmoja alikuja dukani kwangu Jumapili jioni na kurasa tatu za karatasi. Alikuwa ameandika kuhusu Katiba ya Marekani, kuhusu Hitler, kuhusu takwimu alizosoma mahali.

"Kaka, dakika moja itanitosha nini?" akaniuliza.

"Dada, niambie tu ni nini kitakupata wewe mswada huu ukipita."

Akanyamaza kidogo, akaanza kusimulia. Nikawa naandika nyuma ya risiti. Tulipomaliza tulikuwa na maneno haya, ambayo baadaye aliyasema kwa Kiingereza akiwa ndani ya gari lake kwenye maegesho ya hospitali:

"Mheshimiwa mwenyekiti na wanakamati, kwa kumbukumbu, ninaishi wilaya ya 33 na ninapinga mswada huu. Mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku na ninalea watoto wawili peke yangu. Mwaka jana mtu alinifuata kutoka kituo cha basi hadi mlangoni, siku mbili mfululizo. Nilinunua bastola, nikasoma darasa, nikanunua kasha. Kwa mswada huu ningehitaji kwanza siku ya mapumziko kwa ajili ya alama za vidole, siku nyingine kwa ajili ya mafunzo ya uwanjani, na ada ya yote mawili, kisha nisubiri kibali, kisha nisubiri siku 10 za kazi zilizopo tayari. Yule mtu hakuwa akisubiri. Kama lazima kibali kiwepo, naomba kiwe bure kwa mwenye kipato cha chini na kitolewe haraka kwa aliyetishwa. Asante."

Soma tena uone kilichomo. Wilaya ipo sentensi ya kwanza, kwa sababu makarani na wabunge huiandika. Msimamo upo sentensi hiyohiyo. Hakuna takwimu, maana kila takwimu ina mpinzani wake, lakini hakuna anayeweza kubishana na mlango wa nyumba yako. Na kuna ombi, tena ombi ambalo hata mbunge anayeunga mkono mswada anaweza kulichukua. Mfanyieni mtu mazoezi mara tatu kwa saa ya simu, na mkate maneno mpaka abaki na sekunde tano za akiba. Mwambieni awashe maikrofoni, aangalie kamera, na asisome haraka. Lafudhi si tatizo. Haraka ndiyo tatizo.

Kitu kingine cha kujiandaa nacho. Katika kikao hichohicho atazungumza mama aliyempoteza mwanawe kwa risasi. Nimemsikia zaidi ya mmoja, na sijawahi kumaliza kusikiliza bila koo kunikauka. Msimdharau, msitikise vichwa kwenye video, msiandike upuuzi kwenye mitandao baadaye. Mkikutana naye kwenye ujia wa jengo, mpeni pole kama mnavyotoa pole matangani. Tunatofautiana juu ya dawa, ila msiba ni wake kweli.

Na mkiulizwa, muwe na jibu la kweli. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki katika jimbo hili ni vya watu waliojiua. Mbunge akikuuliza mnafanya nini kuhusu hilo, ukajibu "hiyo ni shida ya afya ya akili" ukakaa kimya, umepoteza. Kundi letu hununua kufuli za waya kwa jumla na kuzigawa bure kwenye mikutano, na tuna makubaliano kwamba mwenzetu akiwa katika kipindi kigumu, msiba, talaka au kufukuzwa kazi, mmoja wetu atakwenda kumuuliza waziwazi na kumsaidia kuiweka silaha mbali na nyumba kihalali mpaka atulie. Fanyeni hivyo kwa sababu ni sahihi. Mtagundua pia kwamba mbunge humsikiliza tofauti mtu aliyeshaanza na nyumba yake.

Baada ya kamati: fedha, Rules, na ukumbi

Mswada ukitoka kamati ya kwanza, watu wengi hukata tamaa au husubiri ukumbi. Kuna milango miwili hapo katikati.

Mswada wenye gharama hupelekwa kamati ya fedha, na huko husikilizwa upya. HB 1163 ulipitia huko. Kwenye kamati ya fedha usirudie habari za mlango na bastola. Huko huzungumzwa pesa: polisi wa jimbo watahitaji wafanyakazi wangapi, mfumo wa kompyuta utajengwa kwa bei gani, ada itafikia kiasi gani. Kila mswada wa aina hiyo huambatana na makadirio ya gharama yanayowekwa kwenye tovuti pamoja na mswada wenyewe. Yasomeni, mchague ukurasa mmoja, mwulize swali moja. Katika kundi letu mhasibu wa kanisa ndiye aliyechukua kazi hii, na anaifurahia kuliko sisi sote.

Mlango wa pili ni Kamati ya Rules, inayoamua ni miswada gani itafika ukumbini. Hapa hakuna kusikilizwa. Mjumbe huchagua miswada anayotaka isonge mbele, na mingi hubaki hapo bila mtu kuigusa mpaka tarehe ipite. Angalia kama wilaya yako ina mjumbe wa Rules. Akiwepo, simu zote za wiki hiyo ziende kwake, na ombi liwe dogo: asiuvute mswada huu.

Kwa simu, namba ya bunge ni 1-800-562-6000, bila malipo. Anayepokea ataandika ujumbe wako na kuupeleka kwa seneta na wawakilishi wako wote wawili. Taja jina, anwani, namba ya mswada, msimamo, na sababu moja. Barua pepe pia ni nzuri ikiwa umeiandika mwenyewe. Mashirika makubwa ya kutetea wenye bunduki kama NRA, na Second Amendment Foundation ambalo makao yake yako hapahapa Bellevue, hutuma matangazo ya haraka yenye barua iliyokwisha kuandikwa. Yatumieni kujua habari, kwa sababu wana watu wanaofuatilia kutwa. Lakini barua mia moja zenye maneno yaleyale ofisini huhesabiwa kama rundo moja. Sentensi tatu zako mwenyewe, hata zikiwa na makosa ya Kiingereza, husomwa.

Mkienda Olympia wenyewe

Nendeni wachache, katikati ya wiki, mkiwa na miadi. Pigieni ofisi wiki mbili kabla mwombe dakika 15. Mkiambiwa mtaonana na msaidizi, kubalini kwa furaha, maana msaidizi ndiye huandika muhtasari ambao mbunge atausoma kabla ya kura. Wawe watu watatu hadi watano, wote wa wilaya hiyo, mmoja wa kuongoza. Msivae nguo za kijeshi. Vaeni mnavyovaa mkienda posa: kwa heshima, bila kujikweza. Acheni karatasi moja, upande mmoja, yenye namba ya mswada, mambo mawili mnayopinga, na rekebisho moja mnaloomba.

Silaha ziacheni nyumbani, kwenye kasha. Tangu 2021 ni kosa kubeba silaha waziwazi kwenye viwanja vya bunge la jimbo. Mbali na sheria, picha moja ya mtu mwenye bunduki kifuani itafuta kazi yenu ya miezi mitatu. Na msitamke neno lolote ambalo linaweza kusikika kama tishio, hata kwa utani wa kinyumbani. "Tutakuona" kwa Kiswahili ni kuagana. Ukilitafsiri kwa Kiingereza mbele ya msaidizi wa mbunge, linaweza kukuita polisi.

Chakula bebeni, foleni ya I-5 haina huruma, na Februari kunanyesha kutwa.

Pesa, makanisa na sheria

Mwananchi anayejitolea kuongea na mbunge wake hahitaji kujiandikisha popote. Mambo hubadilika mkianza kumlipa mtu awashawishi wabunge, au kutumia pesa nyingi kwenye matangazo ya kuwahimiza wananchi. Juu ya kiwango fulani lazima mtoe taarifa kwa Public Disclosure Commission, tume inayosimamia uwazi wa fedha za siasa katika jimbo. Kabla ya kufanya harambee ya kwanza, pigeni simu kwao muulize kiwango cha mwaka huo. Wekeni daftari la kila dola tangu siku ya kwanza, kama chama chochote chenye heshima.

Kanisa, msikiti au jumuiya iliyosajiliwa kama shirika la hisani linaloondolewa kodi inaruhusiwa kushawishi juu ya mswada kwa kiasi kidogo, ila hairuhusiwi kabisa kumuunga mkono mgombea wala kumpinga. Ushauri wangu ni msitumie jina la kanisa hata kwa mswada. Ndani ya kanisa letu kuna watu waliowakimbia wenye bunduki Kivu na Burundi, na kwao mlio wa risasi una maana nyingine. Kuliburuta jina la pamoja kwenye jambo hili ni kuwakosea. Kuna mzee mmoja wa Bukavu aliyekataa kujiunga nasi miaka miwili, akisema ameona bunduki za kutosha. Mwaka wa tatu alikuja mwenyewe, akasema, "Nilizoziona kule zilikuwa mikononi mwa wote isipokuwa sisi wenye nyumba." Hatukumshawishi. Tulimwacha afikiri.

Miezi ambayo hakuna kikao

Kuanzia Mei hadi Novemba ndipo kazi nzuri zaidi inapofanyika, na ndipo makundi mengi husinzia. Wabunge wako nyumbani, hawana haraka, na wengi wana kazi zao nyingine. Mwalikeni wenu kwenye uwanja wa kulenga shabaha, hasa yule anayeunga mkono miswada hii. Mpeni mkufunzi, mwonyesheni hatua za kununua bunduki leo, fomu kwa fomu. Wengine watakataa. Mmoja aliyekubali kwetu alituambia hakujua kwamba siku za kusubiri huhesabiwa kwa siku za kazi. Alishika kalenda, akahesabu na sikukuu, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Viti vyote 98 vya Baraza hupigiwa kura kila baada ya miaka miwili, na nusu hivi ya Seneti. Waandikisheni wapiga kura katika orodha yenu, na kumbukeni uchaguzi wa awali wa Agosti ambao watu wachache hupiga kura. Mbunge anajua vizuri nani alipiga na nani hakupiga, kwa sababu rekodi ya kushiriki, ingawa si ya chaguo lako, iko wazi kwa umma.

Sisi tunakutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, nyuma ya duka langu, saa nne asubuhi. Orodha ya Aprili 2023 ilikuwa ya watu 14, wa wilaya mbili. Sasa ni watu 160 katika wilaya 9, na mbili kati ya wilaya hizo zina wabunge wanaokaa kwenye kamati zinazosikiliza miswada ya bunduki. Desemba mosi dereva wetu wa lori ataanza tena kufungua ile tovuti kila jioni, popote atakapokuwa ameegesha.